Jina la Wote na Jina la Mmoja

Leo twapenda kusema nanyi habari za majina, kwa kuwa watoto wetu hapa Usagara, Tanga, wajifunzapo Kiingereza hukosea hapo mara nyingi, na kosa lenyewe laweza kumtia mtu hofu.

Majina ni ya namna mbili. Jina la kawaida ni la wote walio wa aina moja: mji, mto, binti. Jina la pekee ni la mmoja tu: Tanga, Pangani, Neema. Waingereza huanza jina la pekee kwa herufi kubwa popote liwapo, hata majina ya siku na miezi. Tena husema a town, bali mji wetu huuita Tanga tu, pasipo kijineno mbele yake. Ila mito huitangulizia the, kama the Pangani.

Sisi nasi twatumia herufi kubwa, lakini tunayo alama nyingine. Ikisemwa, "Tanga limepasuka," twajua ni tanga la chombo. Ikisemwa, "Tanga imejaa watu," twajua ni mji. Vivyo hivyo neema imefika, lakini Neema amefika. Wazee wa pwani hii, kama Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi vilivyoanza 1888, waliandika kwa herufi za Kiarabu, zisizo kubwa wala ndogo. Kitenzi chenyewe kilimwongoza msomaji.

Kiingereza hakina msaada huo. Grace has come na grace has come husikika sawasawa.

Basi tuseme nyumbani yuko binti aitwaye Shida. Kaka yake amwandikia mjomba aliye ng'ambo, akalifasiri jina: Trouble reached home yesterday. Herufi kubwa haimfai mjomba neno, maana kila sentensi huanza nayo. Usiku ule hatalala, na asubuhi atakopa fedha azipeleke. Kumbe mpwa wake amerudi salama!

Jina la pekee halifasiriwi. Na aandike Shida, kisha aongeze my sister.

Ndugu wazazi, kabla barua haijafungwa, mwulizeni mtoto: "Jina hili ni la wote, au ni la mmoja?" Hata mzazi asiyejua Kiingereza aweza kuuliza hivyo.