Mjusi wa Kimboza na swali la wazazi wake

Msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro, una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 4 tu. Humo, kwenye mikadi, anaishi mjusi mdogo wa ajabu: dume lina rangi ya buluu inayong'aa, jike ni kijani chenye mng'ao wa shaba. Hujificha kwenye mashina ya majani ya mkadi, yale marefu yenye miiba pembeni. Nje ya Kimboza na vipande vichache vya msitu jirani, hapatikani porini popote duniani.

Wakamataji walipojua kwamba ananunuliwa Ulaya kwa bei kubwa, hawakuhangaika kuukwea mkadi. Waliukata. Mti ukilala, mijusi huokotwa kwa mkono, na wanaoponyoka hubaki hawana pa kuishi. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa Johannesburg, nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, zilimwingiza katika Kiambatisho cha Kwanza, ambacho hufunga biashara ya kimataifa ya wanyama waliotolewa porini.

Leo wauzaji wana jibu moja: huyu amezalishwa kizimbani. Mara nyingi ni kweli, maana mjusi huyu hutaga vizuri ndani ya tangi la kioo lenye joto na mwanga unaomfaa. Tena ni kweli kwamba anayenunua aliyezalishwa hamtumi mtu msituni na panga. Lakini mkataba wenyewe hauishii kwenye yai. Unataka hata wazazi wa mwanzo wawe walipatikana kihalali. Tanzania haikuwahi kutoa kibali cha kumsafirisha mjusi huyu nje kibiashara. Basi hao wazazi walitoka wapi? Kwangu mimi, mali ya wizi haitakaswi kwa kuzaa. Isitoshe, kwa macho huwezi kumtofautisha wa tangini na wa msituni, na hapo ndipo mlanguzi anapopata kichaka cha kujificha.

Hata asili ikiwa safi, linabaki suala la mnyama mwenyewe. Kwa mfano, wafugaji wa chatu mdogo wa Afrika Magharibi walipata aina yenye michoro kama utando wa buibui, wakaizalisha kwa wingi. Jeni hiyohiyo inayoleta michoro huvuruga pia uwezo wa nyoka kujisawazisha: kichwa hutikisika, na wengine humkosa panya aliye mbele ya pua. Kuendelea kumzalisha kwa ajili ya urembo, huku ukijua hayo, ni ukatili.

Msomaji, hasa uliye Ulaya au Marekani, ukimkuta mjusi wa buluu sokoni usitosheke na cheti chake. Dai karatasi za wazazi wake hadi wa kwanza aliyetoka Tanzania. Zisipokuwepo, usimnunue.