Kuendesha Kompyuta kwa Kibodi Bila Kipanya

Mtahiniwa, mada hii huonekana nyepesi, na ndiyo maana wengi hupoteza alama ndani yake. Ukiulizwa namna ya kutumia kompyuta bila kipanya, au mausi kama tulivyozoea kuiita, kuna majibu mawili tofauti. La kwanza ni njia za mkato za kibodi. La pili ni kuifanya kibodi yenyewe iwe kipanya. Anayeyachanganya anaweza kujaza ukurasa mzima na swali likabaki pale pale.

Njia ya mkato ni amri inayokwenda moja kwa moja kwenye programu. Ukibonyeza Ctrl na S, faili linahifadhiwa, lakini kielekezi, yaani kile kishale kinachotembea kwenye skrini, hakijasogea hata kidogo. Vivyo hivyo Alt na Tab hukuhamisha kutoka dirisha moja hadi jingine, na Alt na F4 hulifunga. Tab hukupeleka kwenye kisanduku kinachofuata, Shift na Tab hukurudisha nyuma. Shift na F10 hufungua ile menyu unayoipata kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya. Hii wanafunzi wengi hawaijui, ijue wewe. Usizikariri kwenye daftari tu. Kaa mbele ya kompyuta, geuza kipanya kifudifudi, fanya kazi hivyo nusu saa.

Tatizo ni kwamba si kila kitu kina njia ya mkato. Unataka kuchora mstari kwenye programu ya michoro, au kuburuta picha hadi kona ya ukurasa: hapo unahitaji kielekezi kisogee. Windows ina huduma ya kazi hiyo, na kwenye skrini ya Kiingereza utaiona kwa jina la Mouse Keys.

Kuiwasha, shikilia kwa pamoja Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock. Kisanduku kitatokea kukuuliza kama unataka kuiwasha. Hakikisha Yes ndiyo imechaguliwa (kama siyo, sogea kwa Tab), kisha bonyeza Enter. Sasa tazama zile namba zilizo upande wa kulia wa kibodi. 8 hupandisha kielekezi, 2 hukishusha, 4 hukipeleka kushoto na 6 kulia. Namba za pembeni, 7, 9, 1 na 3, hukipeleka mshazari. 5 iliyo katikati hubofya, na alama ya kujumlisha hubofya mara mbili. Ukitaka kitufe cha kulia cha kipanya, bonyeza kwanza alama ya kutoa, kisha 5. Kurudi kitufe cha kushoto, bonyeza alama ya mkwaju. Kuburuta kitu, kifikie kwa kielekezi, bonyeza 0 ili ukishike, kisogeze hadi unapotaka, halafu bonyeza nukta ili ukiachie.

Zingatia: namba zinazotumika ni za upande wa kulia, si zile za mstari wa juu ya herufi. Kompyuta mpakato nyingi ndogo hazina namba hizo kabisa, kwa hiyo ukifanyia mazoezi nyumbani kwenye mpakato na huduma ikakataa, usifikiri imeharibika.

Huduma hii haikubuniwa kwa ajili ya vipanya vibovu. Kituo cha Trace cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kikiongozwa na Gregg Vanderheiden, kilifanya kazi hiyo miaka ya 1980 kwa ajili ya watu ambao mikono yao haiwezi kushika na kusogeza kipanya. Kuanzia Windows 95 ikawa ndani ya Windows yenyewe. Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Moshi, unapofika Tengeru upo karibu na Chuo cha Ualimu Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Mwanafunzi mwenye mkono mmoja ambaye mwalimu wa namna hiyo atamkuta darasani anahitaji kompyuta ile ile unayotumia wewe, na nchini kwetu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yake ya kusoma pamoja na wenzake.

Lakini rudi kwenye hatua ya kuwasha. Vitufe vitatu kwa wakati mmoja! Mwenye mkono mmoja atavishikaje? Yeye aanze na huduma nyingine, Sticky Keys, ambayo huwashwa kwa kubonyeza Shift mara tano mfululizo na kukubali kwa Enter. Kidole kimoja kinatosha. Ikishawaka, vitufe kama Ctrl, Alt, Shift na kile cha Windows hubonyezwa kimoja baada ya kingine badala ya kushikiliwa pamoja. Kisha abonyeze kitufe cha Windows, halafu U. Ukurasa wa mipangilio ya walemavu utafunguka, na humo ataitafuta Mouse Keys kwa Tab na kuiwasha kwa kitufe cha nafasi. Mpangilio huu wa hatua ndio unaoonyesha kuwa umeelewa mada.

Kipanya kikizima katikati ya mtihani wa vitendo, mwite msimamizi. Wakati unamsubiri, hifadhi kazi kwa Ctrl na S, kisha endelea kwa kibodi.

Swali la mazoezi. Neema ana mkono mmoja na kompyuta yake haina kipanya. Eleza atakavyoburuta picha kutoka juu ya ukurasa hadi chini. (Alama 5)

Mwongozo: awashe Sticky Keys kwa Shift mara tano, afungue mipangilio kwa Windows kisha U, awashe Mouse Keys, afikishe kielekezi kwenye picha kwa namba na kubonyeza 0, aishushe kwa 2 na kuiachia kwa nukta. Ukiandika Ctrl na X kisha Ctrl na V, umeeleza kukata na kubandika, na swali limeuliza kuburuta.