Wimbo ule unaitwaje? Namna ya kuutafuta, kuutunza na kumpendekezea mwenzako

Swali linaloingia kwenye simu ya studio karibu kila siku ni hili: "Ule wimbo mliopiga jana jioni unaitwaje?" Tukiujua, tunajibu papo hapo. Lakini mara nyingi swali huja na kipande cha sauti kilichorekodiwa harusini au juu ya bodaboda, upepo na kelele tupu, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Hivi karibuni msikilizaji wetu mmoja wa upande wa Nyamongo alitutumia wimbo wa litungu. Marehemu baba yake aliupenda sana. Familia ilikuwa inajiandaa kwa ibada ya kumbukumbu, na kijana alitaka upigwe siku hiyo. Tatizo, kwenye memori kadi yake wimbo unakatika katikati, na faili limeandikwa AUD, kisha tarehe, kisha WA0007. Hakuna jina la mpigaji, hakuna kijiji, hakuna mwaka. Aliupata WhatsApp kwa binamu yake, na binamu aliupata kwa mtu ambaye hamkumbuki.

Tukaanza kuutafuta pamoja naye. Tuliyojifunza njiani tunaona yatawafaa wengi wanaojitengenezea miksi zao za kusikiliza shambani, dukani au safarini.

Kwa nini simu haiujui wimbo wa nyumbani

Wa kwanza kuulizwa ni simu yenyewe. Ipo programu inaitwa Shazam. Ilianza Uingereza mwaka 2002, kabla ya simu janja kuenea: mtu alipiga namba 2580, akaielekeza simu yake kwenye spika, kisha akaletewa ujumbe mfupi wenye jina la wimbo na la mwimbaji. Leo ni programu ya simu janja, lakini kazi ni ileile. Haisikilizi maneno, wala haielewi Kikurya au Kiswahili. Inaokota zile sauti zenye nguvu zaidi katika kila kipande cha wimbo, inazipanga kama alama za kidole, halafu inazilinganisha na alama zilizomo ghalani kwake. Wimbo ukiwemo, unapata jibu ndani ya sekunde chache hata baa ikiwa na kelele. Usipokuwemo, hupati kitu.

Nyimbo nyingi za litungu zilirekodiwa kwa kaseti au kwa simu ya mtu aliyesimama karibu. Hazikuwahi kupelekwa kwenye ghala lolote. Tena alama zile ni za rekodi ileile, si za wimbo kwa jumla. Mpigaji akiupiga upya wimbo uleule harusini wiki ijayo, simu huuona kama mgeni.

Wimbo wa kijana wetu tuliusikilizisha simu mara tatu. Mara zote tatu haikuutambua.

Mapendekezo nayo yana shida yake. Ukimaliza wimbo YouTube, Boomplay au Spotify (hii ya mwisho ilifika Tanzania mwaka 2021), programu inakuletea mwingine. Inafanya hivyo kama mwenye duka aliyezoea wateja: anajua anayenunua unga hununua na mafuta ya kupikia, basi anakuwekea vyote juu ya meza. Programu inahesabu kwamba waliosikiliza wimbo huu walisikiliza na ule. Sasa wimbo uliosikilizwa na watu arobaini wa Mugumu na Natta una majirani wachache mno wa kuhesabiwa. Ndiyo maana ukitoka kwenye litungu unarushwa moja kwa moja Dar es Salaam, kwenye wimbo ambao nchi nzima imeshausikia. Hakuna mtu aliyekaa akapanga kuwanyima wapigaji wetu, ni hesabu tu, lakini wanakosa wasikilizaji vilevile.

Fuata jina

Kwa wimbo wenye jina, njia nzuri ni kuuliza: nani aliutunga kwanza, nani anapiga gitaa, bendi ilitoka wapi? Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa "Salome". Vijana wengi waliupokea kama wimbo mpya kabisa, huku mama zao wakicheka. Waliujua tangu miaka ya mwanzo ya 2000 kama "Maria Salome" wa Saida Karoli, mwanamama wa Kagera aliyeimba kwa Kihaya na kuchezwa na nchi nzima, hata na wasiojua neno moja la Kihaya. Kijana aliyefuata jina moja tu alijikuta na albamu nzima ya kusikiliza. Na hapo utaona pia kwamba huna sababu ya kuogopa kumpendekezea rafiki yako wa Mwanza wimbo wa Kingoreme au Kikurya.

Mfano wa karibu zaidi ni Daniel Owino Misiani. Wengi hapa huiita benga muziki wa Kenya na kuishia hapo. Misiani alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, leo wilaya ya Rorya, majirani zetu kabisa. Alivuka kwenda Kenya, akaongoza bendi iliyobeba jina la kwao, Shirati Jazz, na akawa mmoja wa watu walioipa benga sura yake. Alifariki mwaka 2006. Jaribu hivi: sikiliza wimbo wake mmoja, fuatisha nyatiti ya Wajaluo, kisha litungu la Wakurya. Ala hizi mbili kila moja ina nyuzi nane. Gitaa la benga linadonoa haraka haraka kama nyatiti, na ukifika kwenye litungu sauti inashuka chini, nzito, mpaka kifuani. Nyimbo tatu tu, na tayari una mwanzo wa miksi ambayo hakuna programu ingekupangia.

Uliza mtu

Pale simu inaposhindwa, watu hawashindwi. Kijana wa kibanda cha kuingiza nyimbo, pale stendi au kwenye mnada, mara nyingi ndiye maktaba ya kata nzima. Kasoro yake ni moja: anayaita mafaili anavyotaka. Tumekuta nyimbo za wapigaji sita tofauti zimeandikwa "KURYA MIX 4", na mmoja wa wapigaji hao hakuwa Mkurya.

Wazee nao wanahitaji kuulizwa vizuri. Ukimwuliza mzee "wimbo gani mzuri wa zamani?" atakuambia zote zilikuwa nzuri. Mwulize, "Mzee, siku ya harusi yako alikuja kupiga nani?" Hapo atakaa sawa kwenye kigoda, ataanza na jina la mpigaji, kijiji chake, na ng'ombe waliochinjwa siku hiyo.

Wakubwa wanakumbuka kadi za salamu. Mtu aliandika majina ya anaowasalimu, akaomba wimbo, na redioni vikasomwa pamoja. Wimbo ulikuja ukiwa na mwenyewe. Siku hizi mtu anarusha nyimbo ishirini kwenye kundi bila neno, na hakuna anayefungua hata mmoja. Ukimpendekezea mtu, tuma mmoja na sema kwa nini: "Bhoke, vumilia mwanzo wake, ngoja pale waimbaji wanaponyamaza litungu libaki peke yake." Huo atausikiliza.

Kuupanga na kuutunza

Wimbo wa dakika nne wenye ubora wa kawaida wa MP3 unakula takribani MB 4. Kwa hiyo memori kadi ya GB 4 inabeba karibu nyimbo elfu moja, zaidi ya mtu anazoweza kusikiliza msimu mzima wa palizi. Video inakula bando mara nyingi zaidi, kwa hiyo kama unachotaka ni sauti tu, chukua sauti.

Redio nyingi ndogo za kuchomeka kadi au flashi hazifuati alfabeti. Zinapiga nyimbo kwa mpangilio ulivyoziingiza. Ukitaka miksi yako ianze na wimbo fulani, ingiza huo kwanza, mmoja mmoja, na uzipe namba 01, 02, 03. Sisi hupenda kuanza na unaojulikana, kisha mgeni, kisha unaojulikana tena. Ukiweka wageni wanne mfululizo, mwenzako atauliza redio ni ya nani.

La maana kuliko yote ni jina. Kwenye simu janja bonyeza faili kwa muda, chagua kubadili jina, na andika mpigaji, kijiji na mwaka kama unaujua. Kwenye kitochi kisichoruhusu, andika daftarini. Mpiga litungu anaishi kwa kuitwa harusini na kwenye sherehe, na hawezi kuitwa na mtu asiyejua jina lake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda hata yeye wa kijijini, na COSOTA ndiyo inayosimamia, lakini kazi isiyo na jina ni vigumu kuidai. Kadi nazo hufa bila kuaga. Weka nakala mbili, moja kwa ndugu.

Kabla hujarusha

Sikiliza maneno mpaka mwisho. Inapokaribia Desemba, msimu wa tohara, zinazunguka nyimbo zenye mdundo mtamu zinazowadhihaki mabinti ambao hawajakeketwa. Sheria imekataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18 tangu 1998, na binti wa darasa la sita anayeusikia wimbo ule kila jioni kwenye sabufa ya jirani anajua unamsema yeye. Sisi hatuzipigi hewani. Kuna wasikilizaji wanaotulaumu kwamba tunaua mila. Tunawajibu kwamba litungu lina nyimbo nyingi mno za ng'ombe, za mapenzi na za kusifu mashujaa, tuanze na hizo. Vivyo hivyo nyimbo za kukejeli ukoo mwingine. Wanaokumbuka mapigano ya koo hawahitaji kuelezwa zaidi.

Na ule wimbo wa baba? Tulipiga sekunde thelathini hewani. Mama mmoja wa upande wa Serengeti akapiga simu kabla kipande hakijaisha: mpigaji alikuwa jirani yao, na ameshafariki. Mpwa wake anayo kaseti, ila redio kaseti ya kuichezea imeharibika. Ibada ilifanyika kwa wimbo nusu, na familia iliuimba uliobaki. Kama uko Mugumu au Tarime mjini na una redio kaseti inayofanya kazi, tupigie. Mpwa yuko tayari kuja nayo siku ya mnada.