Pete Ndogo Iliyokosekana: Ajali ya Ndege ya Mutiny Bay

Tarehe 4 Septemba 2022, ndege ya injini moja aina ya DHC-3 Otter ilianguka katika ghuba ya Mutiny Bay, karibu na kisiwa cha Whidbey, jimbo la Washington nchini Marekani. Ilikuwa ndege ya kutua majini, yenye maboya mahali pa magurudumu, na ilikuwa njiani kutoka Friday Harbor kwenda Renton. Rubani na abiria wake 9 walifariki dunia wote.

Otter ni ndege ya kazi iliyobuniwa Canada na kampuni ya de Havilland Canada. Iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1951, na hadi leo hupendwa na wasafirishaji wa sehemu zenye maziwa na visiwa. Iliyoanguka ilitengenezwa mwaka 1967. Walioshuhudia walieleza kwamba ilikuwa ikiruka sawasawa, ikapanda kidogo, kisha ikashuka karibu wima hadi baharini.

Mabaki yalizama kwenye kina cha mita 58 hivi. Wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani, NTSB, waliyaopoa kwa msaada wa Jeshi la Wanamaji. Walipokagua mkia wa ndege, walikuta kifaa kimoja kimeachana vipande viwili.

Mkia wa Otter una bawa la ulalo linaloilinda ndege isiinamishe wala kuinua pua ovyo. Rubani hulirekebisha bawa hilo kidogo kidogo kulingana na mwendo na mzigo, na kinacholisukuma na kulishikilia ni kifaa cha skrubu kinachofanya kazi mfano wa jeki ya gari. Sehemu ya juu ya kifaa hicho huunganishwa na silinda yake kwa nati. Kwa kuwa ndege hutetemeka muda wote angani, nati hiyo huwekewa pete nyembamba ya waya ambayo ncha yake hupenya kwenye tundu na kuizuia isizunguke.

Katika ndege hii, pete hiyo haikuwepo. Ushahidi mkubwa ulikuwa kwenye meno ya skrubu. Kama sehemu hizo mbili zingechomolewa kwa kishindo cha kugonga maji, meno yangekwanguka. Wachunguzi waliyakuta mazima. Maana yake nati ilizunguka na kufunguka yenyewe ndege ikiwa angani. Bawa la mkia lilipokosa kishikizo, lilihamia pembe ya mwisho kabisa na kuisukuma pua chini. Katika hali hiyo, hakuna ustadi wa rubani ambao ungeweza kuiinua tena.

Hatua zilichukuliwa hata kabla uchunguzi haujakamilika. Oktoba 2022, NTSB ilitaka ndege zote za aina hiyo zikaguliwe haraka, na mwezi uliofuata Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, ikatoa agizo la dharura la ukaguzi. Ripoti ya mwisho ilitoka mwaka 2023.

Ripoti hiyo haikuishia kwenye pete iliyokosekana. Ilionyesha pia udhaifu wa muundo: uhai wa watu wote ndani ya ndege ulitegemea kinga moja tu, na ilipokosekana hapakuwa na nyingine ya kushika nafasi yake. Kwa sababu hiyo NTSB ilipendekeza kifaa hicho kiongezewe kizuizi cha pili. Fundi aliye makini anaweza kupitiwa siku moja, na waya mwembamba unaweza kukatika. Sehemu ambayo ikishindwa ndege huanguka haifai kuachiwa mlinzi mmoja.