Taa Salama katika Mazingira ya Vumbi la Nafaka: Maghala na Mashine za Kusaga za Sumbawanga, Uwanda wa Juu wa Ufipa

1.0 Utangulizi

Mji wa Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, upo katika uwanda wa juu wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mahindi ni zao kuu la chakula na biashara katika uwanda huo. Baada ya mavuno, mahindi hununuliwa na wafanyabiashara pamoja na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), huhifadhiwa katika maghala na vihenge, na sehemu yake hukobolewa na kusagwa. Kazi hizo huzalisha vumbi. Kwa kawaida vumbi hilo huchukuliwa kuwa kero ya mapafu na usafi. Ni nadra kutazamwa kama kitu kinachoweza kulipuka. Makala haya yanafafanua namna taa ya kawaida inavyoweza kuwasha vumbi la nafaka, na vigezo vya kuchagua taa inayofaa.

2.0 Namna Vumbi la Nafaka Linavyolipuka

Mlipuko wa vumbi huhitaji mambo matano kwa pamoja: vumbi linaloungua, oksijeni, kutawanyika kwa vumbi hewani, nafasi iliyofungwa na chanzo cha moto. Vumbi la mahindi likifikia makumi kadhaa ya gramu katika mita moja ya ujazo ya hewa, linaweza kulipuka. Wingu la kiasi hicho ni zito mno. Taa iliyo mita chache tu mbele ya mtu haionekani. Kwa sababu hiyo, mlipuko wa kwanza mara nyingi huanzia ndani ya mashine, kihenge au mtambo wa kupandishia nafaka, si katika ukumbi wa kazi.

Hata hivyo, madhara makubwa hutokana na mlipuko wa pili. Mshindo wa kwanza hutikisa jengo na kuinua vumbi lililolala juu ya boriti, kenchi na vifuniko vya taa, nalo huwaka kwa mfululizo. Hatari hii si ngeni. Mlipuko wa unga uliotokea Torino, Italia, mwaka 1785 ni miongoni mwa matukio ya awali yaliyoandikwa kwa kina. Tarehe 2 Mei 1878, kinu cha Washburn huko Minneapolis, Marekani, kililipuka na watu 18 wakafariki.

3.0 Taa kama Chanzo cha Moto

Taa huweza kuwasha vumbi kwa njia tatu. Kwanza ni joto la uso wake. Vumbi linalotua juu ya balbu huzuia joto kutoka, hivyo kadiri tabaka linavyonenepa ndivyo balbu inavyozidi kupata moto, hadi vumbi lianze kufuka. Pili ni cheche za swichi, viungo vilivyolegea na nyaya zilizochubuka. Tatu ni kuvunjika kwa balbu iliyogongwa na gunia au ngazi.

Umeme unapokatika, huongezeka hatari nyingine: kibatari, mshumaa au tochi ya simu hutumika kukagua ndani ya kihenge. Kibatari na mshumaa ni moto wa wazi. Simu ya kawaida haikuundwa kwa ajili ya mazingira hayo.

4.0 Vigezo vya Kuchagua Taa

Viwango vya kimataifa vya IEC 60079 hugawa maeneo yenye vumbi katika kanda tatu. Kanda ya 20 ina wingu la vumbi muda wote au mara kwa mara, kama ndani ya kihenge kinapojazwa. Kanda ya 21 hupata wingu hilo mara chache katika kazi za kawaida. Kanda ya 22 hulipata kwa nadra na kwa muda mfupi. Vumbi la nafaka, ambalo halipitishi umeme, huwekwa katika kundi la IIIB. Kwa kundi hilo, taa zinazokingwa kwa kasha huhitaji kasha lisilopenya vumbi kabisa (IP6X) katika kanda ya 20 na 21, na angalau IP5X katika kanda ya 22.

Kigezo cha pili ni joto. Uso wa taa haupaswi kuzidi theluthi mbili za joto linalowasha wingu la vumbi. Tena, unapaswa kuwa chini kwa nyuzi 75 ya joto linalowasha tabaka la milimita 5. Tuseme wingu la vumbi la mahindi linawaka kwa nyuzi 400 za Selsiasi na tabaka kwa nyuzi 250. Kanuni ya kwanza inatoa ukomo wa takriban nyuzi 267, na ya pili nyuzi 175. Ukomo wa kufuatwa ni ule mdogo, yaani 175. Taa yenye alama ya T135°C inafaa. Balbu ya zamani yenye waya wa moto, iliyofunikwa na unga, inaweza kuuvuka. Tabaka likizidi milimita 5, ukomo hushuka zaidi.

Aidha, taa iliyothibitishwa kwa ajili ya gesi au mvuke wa petroli haiwi salama kwa vumbi kwa sababu hiyo pekee. Alama ya vumbi lazima ionekane kwenye taa yenyewe.

5.0 Athari ya Mwinuko

Vifaa hivi kwa kawaida huthibitishwa kwa hewa yenye mgandamizo wa kilopaskali 80 hadi 110. Katika mita 1,800 mgandamizo ni takriban kilopaskali 81, yaani karibu kabisa na mpaka wa chini. Katika mita 2,000 hushuka chini ya 80. Hewa nyepesi pia hupooza taa kwa udhaifu zaidi. Kwa hiyo, mnunuzi wa Ufipa anapaswa kumtaka mtengenezaji athibitishe mwinuko unaoruhusiwa.

6.0 Utekelezaji

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, humpa mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi. Kwa mwenye mashine ndogo, gharama ya taa maalumu ni kikwazo halisi. Hata hivyo, hatua ya kwanza si kununua taa, bali kuiondoa taa katika eneo la hatari: kuifunga nje na kuangaza kupitia dirisha la kioo lililozibwa vizuri, na kuhamishia swichi nje ya chumba. Hatua ya pili ni kufagia vumbi kabla halijarundikana, bila kulipuliza kwa hewa ya kompresa, kwani kulipuliza ni kuunda wingu lenyewe. Taa maalumu zibaki kwa sehemu ambazo haziwezi kuangazwa kutoka nje.

7.0 Hitimisho

Usalama wa taa katika maghala na mashine za Sumbawanga hautegemei taa peke yake. Hutegemea kanda ilipofungwa, joto la uso wake, mwinuko wa mahali na unene wa vumbi lililo juu yake. Taa bora isiyofutwa vumbi hupoteza sehemu ya kinga iliyolipiwa, na wanaobeba hasara hiyo kwanza ni wafanyakazi walio chini yake.