Shavu, Tumbo na Mshipa: Njia ya Dawa Mwilini na Nguvu Yake

Neno "dawa" katika Kiswahili limebebeshwa mzigo mkubwa. Hulitumia mganga, mfamasia, mchuuzi wa dawa ya mende na hata mzazi anayetafuta dawa ya mtoto mkaidi. Hata hivyo, ni nadra kwa msemaji wa kawaida kuuliza dawa iliingia mwilini kupitia mlango upi. Swali hilo ndilo linaloangaziwa katika makala haya kwa kurejelea dawa za usingizi na za kutuliza. Mfano wa kwanza, hata hivyo, unatoka mahali ambapo huenda msomaji hakupatarajia: mashamba ya miraa ya Meru na ya muguka ya Embu. Miraa haitulizi, huchangamsha. Lakini ni vigumu kupata mmea katika Afrika Mashariki unaoidhihirisha kanuni hii vizuri zaidi.

Miraa na muguka ni mmea mmoja, ambao wanasayansi huuita Catha edulis. Huko Igembe, katika viunga vya Maua na Laare, huvunwa vichipukizi pamoja na ganda lake laini. Huko Mbeere, katika Kaunti ya Embu, huchumwa majani machanga. Kemikali inayowachangamsha walaji ni kathinoni, iliyotambuliwa katika maabara mwaka wa 1975. Kemikali hii haidumu. Baada ya mavuno huanza kugeuka kuwa kathini, ambayo ni hafifu zaidi, na siku mbili tatu zikipita mlaji mzoefu hulikataa bunda hilo. Ndiyo maana miraa hufungwa kwa majani ya mgomba ili isikauke, na ndiyo maana magari yaibebayo kutoka Meru kuelekea Nairobi hukimbizwa mno. Mwendo huo unaolaumiwa kila mara una sababu yake ya kikemia.

Mlaji naye hana haraka. Hutafuna kidogo kidogo na kulihifadhi tonge shavuni kwa saa kadhaa. Utando wa ndani ya mdomo ni mwembamba na una mishipa mingi ya damu. Dawa inayopenya hapo huingia katika mzunguko wa damu bila kupitia kwanza kwenye ini, kiungo ambacho huvunjavunja sehemu ya dawa nyingi zinazomezwa. Uchunguzi umeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya kathinoni hufyonzwa mdomoni, na inayobaki humezwa pamoja na mate. Kiwango chake katika damu hufikia kilele takriban saa mbili baada ya mtu kuanza kutafuna. Watu waliojitolea kumeza kathinoni tupu ndani ya kapsuli walifikia kilele baada ya kama saa moja na robo. Isitoshe, taya huchoka. Hivyo utafunaji wenyewe humwekea mlaji mpaka ambao kidonge au sindano haiuweki.

Hata sheria za kimataifa zimezingatia tofauti hii, ingawa kwa njia ya kushangaza kidogo. Kathinoni tupu imo katika Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, pamoja na dawa zinazodhibitiwa vikali kabisa. Miraa yenyewe haimo. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani iliichunguza mwaka wa 2006 na haikupendekeza iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa. Uingereza iliipiga marufuku mwaka wa 2014 hata hivyo. Nazo kaunti za Mombasa na Kilifi zilipoipiga marufuku muguka mwezi Mei 2024, mjadala ulihusu afya ya vijana wa Pwani na riziki ya wakulima wa Embu.

Mlaji aliyekesha na miraa hukosa usingizi, na baadhi yao huutafuta kwa pombe au kwa vidonge. Hapa ndipo dawa za kutuliza zinapoingia. Diazepamu, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1963, hufyonzwa vizuri sana ikimezwa, lakini kilele chake huweza kuchukua saa moja au zaidi. Mtu asiyelijua hili humeza kidonge, akaona dakika ishirini zimepita bila usingizi, akaongeza kingine. Vyote viwili hufanya kazi pamoja, na iwapo pombe imetangulia, pumzi yaweza kufifia hadi kukatika. Tena dawa hii hukaa mwilini kwa zaidi ya siku nzima. Dereva anayejiona ameamka asubuhi huenda bado yumo katika dozi ya jana.

Dawa iyo hiyo ikiingizwa katika mshipa wa damu hufika kwenye ubongo kwa muda wa dakika moja hivi. Kwa sababu hiyo hudungwa polepole, na vifaa vya kusaidia kupumua vikiwa karibu. Mtu angedhani kwamba sindano ya msuli ingekuwa katikati ya njia hizo mbili. Sivyo. Diazepamu haiyeyuki vizuri katika maji, na ikidungwa kwenye msuli hufyonzwa kwa kusuasua na bila kutabirika. Midazolamu, ambayo ni ndugu yake, hutengenezwa katika myeyusho wa maji na hufyonzwa upesi kutoka kwenye msuli. Ikimezwa, zaidi ya nusu yake hupotea kabla ya kuufikia mzunguko wa damu, hasa kwa kazi ya ini. Ikimiminwa kati ya shavu na ufizi wa mtoto mwenye degedege, hasara hiyo hupungua sana. Shavu lile lile linalomkesha mlaji wa miraa laweza kumtuliza mtoto.

Mahali ambapo mshipa haupatikani upesi, diazepamu huingizwa kwa njia ya haja kubwa. Mwongozo wa tiba ya watoto nchini Kenya umeweka dozi ya miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa njia hiyo, ilhali ya mshipa ni 0.3. Watafiti wa Kilifi waliochunguza watoto wenye malaria kali, na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2002, waliona kwamba viwango vya dawa katika damu baada ya njia hiyo hutofautiana mno kati ya mtoto na mtoto.

Lugha nayo ina deni hapa. "Kudunga sindano" hakutofautishi mshipa, msuli na chini ya ngozi. "Mshipa" wenyewe huweza kuwa njia ya damu, neva, au hata ngiri, kutegemea msemaji ni wa wapi. "Kula miraa" ni kauli inayoficha kwamba kazi kubwa hufanywa na shavu, si tumbo. Kuhusu njia ya haja kubwa, tafsida ina mahali pake, lakini muuguzi anayemwelekeza mama kijijini Mbeere hana nafasi ya mafumbo. Anahitaji maneno yanayotaja mlango, kina na muda, na mama anahitaji kuyarudia mbele yake kabla ya kuondoka na dawa hiyo.