Kiti cha Kinga Nacho Kinataka Kuchungwa



Mwaka uliopita, sisi wamama wa kartie moja hapa Kamina tulinunua kinga kwa makuta ya likelemba. Ilikuwa kinga nzee ya chuma kizito, lakini kiti chake kilikuwa cha ngozi ya kweli. Fundi alituambia: "Mkikichunga, kitaishi kuliko kinga yenyewe." Tulicheka, tukapakia unga na makala, tukaenda soko.

Mvua ya mwezi wa kumi ilipoanza, kinga ililala nje chini ya mwembe. Ngozi ikalowa maji. Mmoja wetu, kwa nia njema, akaimiminia mafuta ya mawese. Mwingine akaisogeza karibu na mbabula ili ikauke upesi. Kufika mwezi wa kwanza, kiti kilikuwa kimebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea, na pua yake imeinuka juu.

Kisha mama mmoja wa kikundi akaacha kuja soko. Alisema ni homa. Baada ya majuma mawili, mwalimu aliye kati yetu aliona nafasi ya binti yake iko wazi darasani, akaenda kuuliza nyumbani. Ndipo tukajua: mama alikuwa na vidonda pale anapokalia, akaona haya kusema, na mtoto aliacha masomo ili abebe mizigo kichwani. Kosa lilikuwa letu sote. Ndiyo maana tunaandika.

Kiti hiki kimetengenezwa namna gani?

Ni kipande kimoja cha ngozi nene ya ng'ombe, kimevutwa juu ya chuma na kufungwa kwa misumari ya shaba au ya chuma, mbele na nyuma. Ndani hamna sponji. Kinachokubeba ni ule mvuto wa ngozi. Viti vya namna hii ni vya zamani: kampuni ya Brooks ya Birmingham, Uingereza, ilianza mwaka 1866 kwa kutengeneza vifaa vya ngozi vya kufungia farasi, ikageukia viti vya baiskeli, na hata leo inavitengeneza. Ngozi nzuri hufuata umbo la mwenye kuikalia. Lakini ikilowa inalegea, na ukiikalia ikiwa imelowa, inabaki vile.

Mambo ya kufanya

Kwanza, maji. Kinga ilale ndani au chini ya baraza. Njiani, funika kiti kwa mfuko wa plastiki, halafu uutoe ukifika, maana jasho likibaki ndani ngozi inaota ukungu. Tazama pia chini ya kiti: kama bati la kuzuia matope juu ya gurudumu la nyuma limekatika, maji yote ya njia yanapanda pale.

Pili, kukausha. Kikilowa, kipanguse kwa kitambaa, ukiache kivulini penye upepo, hata siku mbili. Usikiweke juani wala karibu na mbabula. Moto unakunja ngozi na kuipasua. Siku hizo usikikalie.

Tatu, mafuta. Mawese na mafuta mengine ya kupikia yanalegeza ngozi kupita kiasi, na mawese yanachafua kikwembe. Chukua nta ya nyuki kidogo na mafuta ya ng'ombe yasiyo na chumvi. Yayeyushe pamoja ndani ya kopo lililowekwa katika sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, maana yanaweza kuwaka. Watoto wakae mbali. Yakipoa yawe kama siraje ya viatu. Paka kidogo sana juu, zaidi kidogo chini, acha usiku mzima, kisha sugua kwa kitambaa kikavu. Mara moja kabla ya mvua, mara moja katikati, mara moja mwisho wake, inatosha.

Nne, buloni ya mbele. Chini ya pua ya kiti kuna buloni ndogo. Ngozi ikilegea, na ikiwa kavu, izungushe kwa ufunguo robo tu, kisha ukikalie uone. Ukikaza sana, ngozi inapasuka kwenye misumari.

Tano, mizigo. Kamba ya gunia ifungwe kwenye portebagaje, isipite juu ya ngozi. Vumbi lipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Sabuni ya unga inakausha ngozi, iacheni kwa nguo.

Kiti chetu cha kwanza hakikupona. Mawese yalikuwa yameingia sana. Tulichanga tena, tukapata kingine. Sasa tuna daftari: anayerudisha kinga jioni anapangusa kiti na kuandika jina lake. Kazi hiyo haimalizi hata dakika tano.

Na jambo la mwisho ni kubwa kuliko ngozi. Ukiona kidonda, pumzika, osha kwa maji safi, enda kituo cha afya, na uambie wenzako. Katika daftari letu kuna ukurasa wa hilo pia: mwenye kuumia anapumzishwa, na zamu yake inabebwa na wengine bila kupoteza fungu lake. Yule binti amerudi darasani. Mama yake ndiye anayechunga kopo la nta.